Kuchagua Pleko kwa Tangi Lenye Mimea Nyumbani Mombasa: Mwongozo Kamili

Mfugaji wa samaki wa mapambo hapa Mombasa kwa kawaida huanza kumtafuta pleko siku ile anapoona kioo cha tangi kimeota utando wa kijani. Akifika dukani huambiwa kwamba kambare huyu wa mdomo wa kunyonya atausafisha utando wote, naye hulipa, hurudi nyumbani na samaki mwenye urefu wa kidole, kisha humwachilia katikati ya mimea aliyoitunza kwa miezi. Nami nilifanya hivyo nilipoweka tangi langu la kwanza la sentimita 90 sebuleni kwetu Tudor. Nilinunua watatu kwa mpigo, nikiwa nimehakikishiwa kwamba ni wa aina ndogo, na baada ya mwaka mmoja na nusu mkubwa wao alikuwa amepita sentimita 30. Kila alipogeuka usiku aling'oa mizizi, na asubuhi nilikuta mimea ikielea juu ya maji. Hatimaye niliwapeleka kwa mtu mwenye bwawa la saruji lililozungushiwa ukuta, nikapanda upya tangi zima.

Baada ya hapo nimekuwa nikichagua pleko kwa maswali matatu, na kwa mpangilio huu: atafika ukubwa gani, atastahimili vipi joto la maji ya pwani, na chakula chake cha asili ni kipi. Usafi wa kioo sikuuweka kabisa katika orodha hiyo, kwa sababu mwani huota pale taa inapowashwa kwa saa nyingi na chakula kinapobaki chini, na hakuna samaki awezaye kuushinda iwapo chanzo chake kimeachwa. Punguza taa hadi saa sita au saba kwa siku, uisogeze meza mbali na dirisha la jua, na kioo ukipanguse kwa mkono. Kisha umchague pleko kwa sababu unampenda yeye mwenyewe.

Samaki hawa ni akina nani

Pleko ni wa familia ya Loricariidae, yenye spishi zaidi ya 900, na makao yao ya asili ni mito ya Amerika Kusini pamoja na Panama na Costa Rica. Mwili wao umefunikwa kwa mabamba ya mfupa badala ya magamba, na mdomo uko chini ya kichwa, ukiwa na midomo mipana inayobandika juu ya jiwe au gogo hata mkondo unapovuma kwa nguvu, huku safu za meno madogo zikikwangua. Kwa kuwa spishi mpya zilikuwa zikifika sokoni kabla wataalamu hawajazipa majina, jarida la Kijerumani la DATZ lilianza mwaka 1988 kuzipa namba zinazotanguliwa na herufi L, na ndiyo maana utakuta tangi la dukani limeandikwa L046 au L104. Namba hiyo ina thamani kuliko jina la biashara, kwani jina moja la biashara huweza kubeba samaki watano tofauti.

Ni vyema kujua pia kwamba mito yetu ya Kenya, Tana ukiwemo, ina kambare wake wadogo wa mdomo wa kunyonya, wa jenasi ya Chiloglanis, ambao si jamaa wa karibu wa pleko. Wao wamezoea maji ya kasi yenye oksijeni nyingi, hawali mwani kwa namna itakayokusaidia, na hufa upesi katika maji yaliyotulia. Waachwe mtoni.

Hatua ya kwanza: pima joto la maji kwa wiki nzima

Kabla ya kwenda dukani, weka kipimajoto ndani ya tangi na uandike usomaji wake alfajiri, adhuhuri na saa kumi jioni kwa muda wa siku saba. Pima maji yenyewe, wala usikisie kwa hewa ya chumba. Tangi langu halina hita, na kuanzia Februari hadi mvua za masika zinapoanza husoma nyuzi 30 jioni, ilhali Julai na Agosti, kusi inapovuma, hushuka hadi 26. Vitabu vingi vya ufugaji huu vimeandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, na ushauri wake wa kwanza ni hita. Hapa kwetu fedha hiyo ingefaa zaidi kununulia pampu ya hewa na feni ndogo.

Jambo hili nalitilia mkazo kuliko mengine yote katika mwongozo huu. Maji yasiyo na chumvi, yakiwa yamejaa oksijeni kikamilifu, hubeba takriban miligramu 8.2 kwa kila lita yakiwa na nyuzi 25, na takriban 7.5 yakifika nyuzi 30. Tofauti hiyo huonekana ndogo kwenye karatasi, lakini wakati huo huo mwili wa samaki uliopata joto hutumia oksijeni nyingi zaidi, na chujio lililojaa bakteria nalo huchukua sehemu yake. Juu ya hayo, tangi lenye mimea lina tabia yake: mchana, taa ikiwaka, mimea hutoa oksijeni, na usiku mimea ile ile hupumua kama samaki wapumuavyo. Kiwango cha chini kabisa hufika mnamo saa kumi na moja alfajiri, kabla taa haijawashwa. Umeme ukikatika usiku wa Machi, chujio hunyamaza, uso wa maji hutulia kama kioo, na hapo ndipo samaki hupotea.

Asubuhi moja ya namna hiyo niliamka nikawakuta pleko wangu wawili wamejibandika juu kabisa ya kioo, vichwa vikiwa upana wa kidole tu kutoka hewani, na mara kwa mara mmoja aliachia kioo, akachomoa mdomo nje ya maji, akameza hewa na kushuka. Wengi katika familia hii wanaweza kumeza hewa na kuchukua oksijeni kupitia ukuta wa tumbo, na kwa hiyo waliokoka, ilhali samaki wadogo niliowafuga pamoja nao walikufa wanne. Pleko anayepanda juu mara moja kwa siku hana tatizo. Anayepanda kila baada ya dakika chache anakuambia kwamba maji yamekosa pumzi.

Kwa hiyo weka pampu ya hewa inayotumia betri, ile inayojiwasha umeme unapokatika, na uelekeze mdomo wa chujio uvuruge uso wa maji. Ikiwa unaipa mimea gesi ya kaboni, ifunge saa moja kabla ya kuzima taa. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha joto kwa nyuzi mbili hivi, ingawa unyevu wa hewa ya pwani huipunguzia nguvu, na maji yanayokauka yajaziwe kwa maji laini, kwa sababu kinachoruka ni maji peke yake, huku chumvi na chokaa zikibaki nyuma.

Hatua ya pili: jua maji yako yanatoka wapi

Kisiwa cha Mombasa na ukanda wa pwani ulio jirani vimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na maji ya visima vyetu yamepita ndani ya chokaa hiyo. Mengi ni magumu, na yale ya karibu na bahari yana chumvi waziwazi mdomoni. Maji ya mfereji, yale yanayotoka Mzima, Baricho au Marere, huwa na afadhali, lakini hutiwa klorini. Maji ya mkokoteni yanaweza kuwa ya aina yoyote kati ya hizo, hata kama muuzaji ni yule yule wa jana, na kwa hiyo kila dumu lionjwe kabla ya kumiminwa.

Kama huna vipimo, chemsha maji kwa birika lile lile kwa siku kadhaa: ukoko mweupe unaojijenga haraka chini yake ni dalili ya maji magumu. Kwa pleko wengi, ugumu wa wastani hauna shida, ila chumvi ni adui yao wa kweli, na kisima chenye chumvi kisitumike hata kwa kuchanganya. Mvua za masika na vuli hutupa maji laini bure kutoka kwenye mabati, mradi tu uache mvua ya mwanzo ioshe vumbi na kinyesi cha ndege. Nusu ya maji ya mvua na nusu ya maji magumu yasiyo na chumvi hutoa mchanganyiko unaowafaa pleko na mimea vilevile. Maji ya mfereji yatiwe dawa ya kuondoa klorini kila mara, kwa kipimo cha ndoo nzima.

Hatua ya tatu: hesabu lita, kisha punguza

Zidisha urefu, upana na kina cha maji kwa sentimita, ugawe kwa 1,000, nawe utapata lita. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 36 hutoa lita 65 hivi, na ukitoa nafasi ya mchanga, mawe na magogo, hubaki kama 55. Kwa pleko, hata hivyo, eneo la chini lina uzito kuliko kina, kwa sababu huko ndiko anakoishi; tangi refu na pana lenye kina kidogo ni bora kwake kuliko lile lililosimama kama mnara. Ikiwa unamtengenezea fundi wa vioo maelekezo, mwombe upana wa sentimita 45, usiridhike na 30.

Hatua ya nne: chagua aina

Kwa nyumba nyingi za Mombasa jibu langu ni moja, nalo ni pleko mwenye ndevu wa jenasi ya Ancistrus. Hukua hadi sentimita 12 hivi, hula utando wa mwani kwa bidii akiwa mdogo na kwa kiasi akiwa mkubwa, huvumilia nyuzi 28 bila kulalamika na hupita wiki za joto kali iwapo maji yana hewa ya kutosha. Wengi wanaouzwa wamezaliwa ndani ya matangi, na kwa hiyo wameshazoea chakula cha dukani na maji ya mfereji. Dume huota vijinyama vyenye matawi juu ya pua kuanzia anapofika sentimita sita au saba, ilhali jike huwa na vichache vifupi pembeni mwa mdomo au hana kabisa. Mmoja anatosha lita 80. Ukitaka dume na jike, anza na lita 120, na usiweke madume wawili katika tangi dogo, kwa sababu watagombea pango moja hadi mmoja achanike mapezi.

Wa pili ninayempendekeza ni Panaqolus maccus, anayeuzwa pia kwa namba L104, mwenye mistari ya rangi ya maziwa juu ya mwili wa kahawia na urefu usiozidi sentimita 10. Asili yake ni maeneo ya mto Orinoco, na joto letu halimsumbui. Yeye hukwangua mbao mchana na usiku, na bila gogo hadumu. Kwenye kioo hatakusaidia sana, na chini ya gogo lake utakuta kila wiki rundo la unga wa mbao lililopita tumboni mwake, ambalo lazima ulinyonye kwa mpira. Mimea huiacha salama kabisa.

Otocinclus ndiye anayependwa na kila mwenye tangi la mimea, na ninaelewa sababu. Ana sentimita nne, hutembea juu ya jani jembamba bila kulikunja, na kundi la sita likipita juu ya mmea wa anubia kwa pamoja huliacha kila jani linang'aa. Lakini wengi wao hukamatwa mitoni, husafiri siku nyingi bila kula, na hufika wakiwa wameshapoteza vijidudu vya tumboni vinavyowasaidia kusaga chakula. Kwa sababu hiyo hufa wiki ya kwanza hata mikononi mwa mfugaji mzuri. Pia hupenda nyuzi 22 hadi 26. Yule ambaye chumba chake kina kiyoyozi, na ambaye tangi lake limetimiza angalau miezi mitatu na lina utando wa kutosha juu ya majani na mbao, awachukue sita au zaidi kati ya Juni na Septemba. Mwenye tangi jipya linalosoma nyuzi 30 awaache, na hili ninalisema kwa huruma kwao.

Kuna Hypancistrus, ambao baadhi yao hutoka katika mto Xingu wa Brazili na hupenda nyuzi 28 hadi 30, joto ambalo sisi tunalo bure. Maarufu kati yao ni Hypancistrus zebra, L046, mwenye mistari myeusi na myeupe. Brazili imepiga marufuku kuwauza nje wale waliovuliwa mtoni, na mwaka 2022 spishi hii iliingizwa katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini; anayekuuzia akuoneshe hati kwamba amezalishwa ndani ya matangi. Kumbuka kwamba jenasi hii hupendelea nyama kuliko mwani na huhitaji mkondo wenye hewa nyingi, kwa hiyo ni samaki wa kumtazama, si wa kumtegemea kwa kioo. Farlowella, mwembamba kama kijiti cha mkungu, ni mzuri ajabu, lakini ni dhaifu mno kwa maji yanayopanda na kushuka joto, na simshauri mtu anayeanza.

Wa kuepukwa ni Pterygoplichthys, ambaye ndiye hasa anayeuzwa kwa jina la pleko wa kawaida. Hufika sentimita 40 na kuendelea, huishi zaidi ya miaka 10, na hata tangi la lita 400 humbana. Akikushinda usimwachilie mtoni wala kwenye bwawa lililo wazi. Jamaa zake waliotupwa na wafugaji wamezagaa Florida, Mexico, Ufilipino na Afrika Kusini, ambako huchimba mashimo kwenye kingo hadi zikaporomoka, na nyavu za wavuvi hujaa samaki wasionunuliwa. Vilevile uwe macho na Gyrinocheilus aymonieri, samaki mrefu wa rangi ya dhahabu au kahawia kutoka Asia ya Kusini Mashariki, ambaye huwekwa tangi moja na pleko dukani ingawa si kambare hata kidogo. Akikua huacha mwani na kubandika mdomo wake ubavuni mwa samaki wengine.

Hatua ya tano: dukani, hesabu mapezi na tazama tumbo

Pleko wote wadogo hufanana, na muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui alicholetewa. Kipo kipimo kimoja kisichohitaji kitaalamu. Subiri samaki abandike kioo na kulisimamisha pezi la mgongoni, kisha hesabu vijiti vinavyolishikilia, ukianzia baada ya mwiba mnene wa mbele. Ancistrus ana saba. Pterygoplichthys ana tisa au zaidi, mara nyingi kati ya 10 na 13, na pezi lake ni refu kama tanga la ngalawa. Ukimpiga picha kwa simu na kuikuza, utahesabu bila haraka. Mara ya mwisho nilipofanya hivyo nilimwambia kijana wa duka, "Bwana mdogo, huyu ana kumi na mbili," naye akaja tukahesabu pamoja, akabadilisha kibandiko cha tangi mbele yangu.

Ukishajua aina, mkague afya. Tumbo ndilo la kwanza, na huonekana vizuri akiwa amebandika kioo: liwe bapa au lenye kuvimba kidogo, lisiwe limebonyea kati ya mifupa ya mabega kama kijiko. Macho yasiwe yamezama. Katika mwanga mkali utaona kijipazia kidogo kimeshuka juu ya mboni na kuifanya iwe na umbo la mwezi mchanga. Huo ni umbile la kawaida la familia hii na si ugonjwa. Mkia na mapezi yawe mazima, ngozi kati ya mabamba isiwe na wekundu wala nyuzi nyeupe, na kupumua kwake kuwe kwa mapigo ya utulivu.

Kisha uliza amefika lini. Samaki aliyefika jana asinunuliwe leo. Mwombe muuzaji akuwekee kwa siku 10, umlipe sehemu ukitaka, na urudi kumwona akila. Nimegundua kwamba mwenye duka mwaminifu hukubali ombi hili bila kusita, na jibu lake pekee hukuambia mengi kuhusu duka. Mwisho, angalia anavyokamatwa. Miiba ya mapezi na mashavu hunasa katika wavu, na akivutwa kwa nguvu hukatika. Aelekezwe ndani ya chombo cha plastiki chini ya maji. Afungwe peke yake katika mifuko miwili, kwa sababu mwiba mmoja hutoboa mfuko njiani.

Hatua ya sita: andaa magogo, mapango na mimea

Pleko ahitaji kivuli na mbao. Mbao nzuri inayopatikana kwetu ni tawi nene la mpera lililokauka kabisa, likaambuliwa gome, likachemshwa na kulowekwa wiki mbili au tatu huku maji yakibadilishwa, hadi lizame lenyewe. Mwarobaini usitumike, una uchungu unaodhuru. Mti wa mkoko usikatwe wala kuokotwa ufukweni, kwa kuwa mikoko inalindwa na mbao yake imejaa chumvi. Majani makavu ya mkungu, yaliyoanguka yenyewe na kuoshwa, huongeza rangi ya chai ndani ya maji na baada ya siku chache huota utando ambao pleko wadogo huukwangua. Mawili kwa lita 50 yanatosha.

Kwa mapango, kifuu cha nazi hakina mpinzani. Safisha nyama yote ya nazi, kichemshe mara tatu, toboa mlango wa upana wa vidole viwili, na ukilaze chini ya gogo. Kipande cha chungu kilichovunjika kinafaa vilevile, mradi kingo zake zisiwe kali. Mawe ya ufukweni na matumbawe yaache, kwani huongeza chokaa kila siku. Jiwe usilolijua lidondoshee maji ya ndimu au siki, na likitoa povu usilitie.

Kuhusu mimea, ile inayofungwa juu ya gogo ndiyo inayoishi kwa amani na pleko: anubia, ambao asili yao ni Afrika ya Magharibi na ya Kati, kangaga la Java, na kuvumwani wa aina mbalimbali. Majani yao ni magumu, na mizizi haiko mchangani inapoweza kung'olewa. Vallisneria na Cryptocoryne husimama vizuri baada ya miezi miwili ya kujishika, ila izungushie mawe madogo shinani kwa kipindi hicho. Mmea mpana wa Echinodorus ndio ulio hatarini: pleko mwenye njaa hubandika katikati ya jani lake laini usiku na kulikwangua hadi libaki wavu mtupu wa mishipa, na ukiona dalili hiyo jua kwamba hujamlisha vya kutosha, wala usimlaumu.

Chujio liwe limefanya kazi wiki nne hadi sita kabla ya samaki yeyote kuingia, ili bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitraiti na kisha nitreti wawe wamejijenga. Pleko hutoa kinyesi kingi kuliko mwili wake unavyoonesha.

Hatua ya saba: mlete nyumbani taratibu

Beba mfuko ndani ya sanduku au kapu lenye kitambaa chenye unyevu, usikae naye kwenye matatu yenye jua la adhuhuri. Ukifika, zima taa ya tangi, uelee mfuko juu ya maji kwa dakika 20, kisha fungua na uongeze kikombe kidogo cha maji ya tangi kila baada ya dakika 10 kwa muda wa saa moja. Mhamishe samaki kwa kikombe, na maji ya duka yamwagwe. Kama una tangi la pili, mweke humo wiki tatu kwanza. Akihitaji dawa, soma kibandiko kwa makini, kwa maana pleko huathirika upesi na chumvi na dawa zenye shaba ambazo samaki wengine huzivumilia.

Hatua ya nane: wiki sita za mwanzo

Usiku wa kwanza mwache bila chakula. Kuanzia usiku wa pili, mlishe baada ya taa kuzimwa, kwa mfano baada ya Isha nyumba inapotulia, kwa kipande cha tango au boga la soko la Kongowea kilichochomwa uma wa chuma ili kizame. Mchicha uchovywe kwanza katika maji ya moto. Chakula kikavu kinachozama kitolewe mara tatu au nne kwa wiki, na kwa Hypancistrus na wenzake wanaopenda nyama, kamba wadogo waliomenywa. Kwa joto letu mboga iliyobaki itolewe asubuhi yake, kwani ikifika adhuhuri huwa imeshaanza kuchachua maji.

Huenda usimwone kwa siku nne au tano. Usiinue magogo kumtafuta. Shika tochi yenye mwanga hafifu mnamo saa nne usiku, ukae mbali kidogo na kioo, nawe utamkuta ametoka: midomo yake imetandazwa juu ya kioo kama kikombe cha mpira, meno yake yanapita mbele na nyuma kwa kasi, na nyuma yake anaacha njia safi ya upana wa ukucha. Katika nafasi hiyo hiyo mtazame tumbo, na ulitazame tena kila Ijumaa usiku. Likiwa linajaa wiki hadi wiki, chakula kinatosha; likianza kubonyea, ongeza boga na uchunguze kama samaki wengine wanamtangulia.

Badilisha robo ya maji kila wiki, kwa maji yenye joto lililo karibu na la tangi. Mwishoni mwa wiki ya sita mpime urefu kwa jicho kupitia rula iliyowekwa nje ya kioo, uhesabu tena vijiti vya pezi la mgongoni kwa kuwa sasa ni vikubwa na dhahiri zaidi, na ikiwa ni saba, tumbo limejaa, na usomaji wa alfajiri wa kipimajoto haujapita nyuzi 29, unaweza kurudi dukani kumtafutia mwenzake.